Kambi kabla ya Askari: Malazi ya Wasafiri chini ya Milima ya Uluguru

Ukifika Mzinga, kata iliyomo katika Manispaa ya Morogoro, ukauliza kambi iko wapi, utaelekezwa kwa wanajeshi. Kiwanda cha silaha cha Jeshi la Wananchi kimekuwapo huko tangu miaka ya 1970, na hakuna mwenyeji atakayedhani kwamba mgeni anayetaja kambi anatafuta pa kulala. Anayetafuta pa kulala atataja gesti, au kwa Kiswahili cha mabango, nyumba ya kulala wageni. Maana hizi mbili zimeachana kiasi kwamba kuziweka pamoja kunaonekana kama mzaha. Na kwa kuwa Waingereza nao wana neno linalokaribiana na kambi kwa sauti, na walikuja na majeshi yao, wengi huridhika kwamba neno ni lao, sisi tulilikopa tu pamoja na magwaride. Naona tumeridhika mapema mno. Katika nchi hii iliyo chini ya Milima ya Uluguru, kambi ilikuwa jina la malazi ya msafiri miaka mingi kabla hajafika afisa yeyote wa Kiingereza wa kuipanga. Ilikuwa na taratibu zake, na walioijenga ni wasafiri wenyewe. Ilikuja kuwa ya askari, ya manamba na ya wakimbizi kwa sababu zinazoweza kufuatiliwa mwaka kwa mwaka, na kwangu mimi historia hiyo ya kuhama ndiyo yenye uzito kuliko asili ya mbali ya neno.

Shahidi wa kwanza ni Richard Burton. Yeye na John Speke waliondoka Kaole, pwani ya Bagamoyo, mwishoni mwa Juni 1857, wakapita kusini mwa Uluguru, wakaugua vibaya Dutumi, na mwanzoni mwa Agosti walikuwa Zungomero, penye mto Mgeta unaoshuka kutoka milimani. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860, Burton anaiita Zungomero bandari ya misafara, akiilinganisha na Unyanyembe na Ujiji kwa upande wa bara. Bandari isiyo na bahari, yaani mahali ambapo mizigo na watu kutoka njia mbalimbali hukutana, husubiriana na kuachana. Na mahali wasafiri walipolala njia nzima, kuanzia mrima hadi Ugogo, Burton anapaita kwa neno alilolisikia kwa wapagazi wake, akaliandika "khambi". Tahajia hiyo tusiipite haraka. Burton alikuwa Mwingereza, alikuwa askari wa Kampuni ya India kwa miaka kadhaa, na neno la lugha yake la kambi ya jeshi alilitumia tangu ujana. Angesikia neno lake mwenyewe likitamkwa na Mnyamwezi, angelitambua na angelisema, kwa maana alikuwa mtu asiyekosa nafasi ya kuonyesha ujuzi wake wa lugha. Badala yake aliliandika kama neno la wenyeji, kwa ile "kh" aliyoitumia pia kuandika jina la nchi ya Wakutu, ili kumwonyesha msomaji pumzi aliyoisikia baada ya k. Mwandishi wa habari Henry Stanley, aliyepita mwaka 1871, anatumia neno hilohilo kwa tahajia hiyohiyo.

Kambi hiyo ilikuwa kitu gani hasa? Haikuwa mahema. Mahema yalikuwa ya Mzungu na ya mfanyabiashara tajiri wa pwani. Kambi ya wapagazi ilikuwa duara la vibanda vya fito na nyasi, milango ikitazama ndani, na kuzunguka duara hilo boma la matawi ya miiba. Burton anaeleza kwamba umbo na vifaa vilibadilika kulingana na nchi: penye miti mingi ukuta ulikuwa mzito, penye uhaba wa miti nyasi zilitawala. Kilichokuwa muhimu ni kwamba kambi haikuvunjwa asubuhi. Msafara ukiondoka, vibanda vilibaki vimesimama kando ya njia, na msafara uliofuata uliingia humo, ukatengeneza palipobomoka na kuziba pengo la boma. Ndiyo maana wapagazi waliotangulia walikimbilia kambi ili wapate vibanda vizuri, na ndiyo maana pia kambi za zamani zilijaa kunguni na papasi kiasi cha wengine kuona heri wajenge upya. Hakukuwa na mwenye nyumba, wala aliyelipa kodi ya chumba. Kilicholipwa ni chakula, kwa kitambaa na shanga, kwa wenyeji walioleta mtama, mahindi, kunde, kuku na ndizi, na posho ya mpagazi ilipimwa kwa kibaba cha nafaka kwa siku. Ukiiangalia hivyo, kambi ilikuwa nyumba ya wageni iliyojengwa na wageni, ikarithiwa na wageni wengine ambao hawakuwahi kuonana na wajenzi wake.

Wala si kweli kwamba njia nzima ililala hivyo. Mbele, katika Unyamwezi, Burton anaeleza desturi nyingine: misafara iliingia vijijini, na wasafiri wakapata hifadhi katika iwanza, ile nyumba ya hadhara ambamo wanaume wa kijiji walishinda wakizungumza, wakivuta tumbaku na kufanya kazi za mikono. Huko mpagazi alikuwa amerudi kwao, au karibu na kwao. Huku mashariki alikuwa ugenini, na mgeni wa watu mia tano si mgeni wa kukaribishwa sebuleni. Kwa hiyo kambi haikuzaliwa kwa kukosekana ukarimu wala kwa kukosa nyumba. Ilikuwa suluhisho la tatizo la idadi: jinsi ya kumpokea mgeni ambaye ni mkubwa kuliko mwenyeji.

Hili linaonekana vizuri zaidi Morogoro yenyewe. Njia ya Zungomero ilipopungua umuhimu na ile ya kaskazini kutoka Bagamoyo ikashika nafasi, misafara ilipita Simbamwene, mji uliojengwa na Kisabengo kando ya mto Ngerengere na kurithiwa na binti yake, Simbamwene. Stanley aliukuta Aprili 1871 ukiwa na ukuta wa mawe na udongo, minara pembeni, na milango ya mbao iliyonakshiwa kwa mtindo wa pwani. Alikadiria nyumba kama 1,000 na watu kati ya 3,000 na 5,000. Kama kulikuwa na mahali njiani ambapo msafara ungeweza kulala ndani ya mji, ni hapo. Lakini Stanley alilala nje ya kuta, kambini, na wakazi wakatoka wao kuja kumtazama. Wajumbe wa mtawala nao walikuja huko huko kambini kudai hongo, yaani ushuru wa kupita, wakajibiwa kwamba msafara wake mwingine uliotangulia ulikwisha lipa. Mji ulikuwa na sababu zake za kumweka mgeni nje: Kisabengo aliujenga kwa vita na mateka, na mtu aliyeteka miji anajua miji hutekwa vipi. Msafara nao ulikuwa na sababu zake, kwa kuwa mpagazi aliyelala mjini hakupatikana asubuhi, na bidhaa zilizoingia uani hazikutoka zote. Boma la miiba lilizitenganisha pande mbili zilizohitajiana. Hongo ndiyo iliyozifunga: ukishalipa, kambi yako iko chini ya ulinzi wa mwenye nchi, ingawa haimo ndani ya mji wake. Siku chache baadaye, watu waliotumwa na Stanley kumtafuta mpishi wake aliyetoroka walikamatwa mjini humo, na wakaachiwa kwa maombezi ya mfanyabiashara Mwarabu, bunduki zao zikabaki. Nje ya kambi, ulinzi wa kambi haukukufuata.

Kambi ilikuwa pia mahali pa habari, na hapa tuna ushahidi wa karibu sana. Kabla ya kufika Simbamwene, msafara wa Stanley ulipita Mikese, ambayo ipo mpaka leo kwenye barabara ya Dar es Salaam, kisha ukafika mahali anapopaita Muhalleh. Hapo ulikutana na msafara mkubwa wa Salim bin Rashid ukishuka pwani na meno 300 ya ndovu. Salim alimpa mgeni zawadi ya mchele, na akampa na kilichokuwa na thamani kuliko mchele: alikuwa amekaa Ujiji kwa wiki mbili jirani na David Livingstone, mmisionari ambaye Stanley alikuwa akimtafuta, akamweleza mzee huyo yuko katika hali gani. Stanley alikuwa njiani kwa wiki chache tu, na tayari chini ya Uluguru alipata habari ambayo magazeti ya London yalikuwa yakiipigania. Magazeti hayakuchangia lolote katika hilo. Njia ilikuwa na mahali ambapo wanaopanda na wanaoshuka hulala, na wanaolala pamoja huulizana watokako na waendako.

Sasa nirudi kwenye pingamizi kubwa, kwamba kambi ni neno la Kiingereza. Ushahidi wa tarehe nimeshautoa: neno lilikuwa vinywani mwa wapagazi mwaka 1857, wakati Uingereza ilikuwa na balozi mdogo Unguja na haikuwa na jeshi wala utawala bara. Wakoloni wa kwanza wa Morogoro walikuwa Wajerumani, ambao kwao kambi ni Lager, na Kiswahili hakikulichukua neno hilo. Waingereza wenyewe waliingia Morogoro Agosti 1916. Kuna pia ushahidi wa sauti. Kiswahili kilipokopa maneno ya Kiingereza yenye sauti hiyo, kiliihifadhi ile p: stempu, pampu, dampo, kampuni. Hatusemi stembu wala pambu. Kama kambi ingeingia kwa mlango huo, tungetarajia kampi, na kweli kampi ipo, lakini ipo Bonde la Ufa nchini Kenya, katika nchi ya walowezi: Kampi ya Samaki kando ya Ziwa Baringo na Kampi ya Moto karibu na Nakuru. Mtu anaweza kujibu kwamba hiyo ni athari ya matamshi ya Wakalenjin, ambao lugha yao haitenganishi b na p kama Kiswahili. Nakubali kwamba majina hayo mawili peke yake hayathibitishi lolote. Ila pingamizi hilo linaifunga hoja ya Kenya tu. Halielezi kwa nini Tanganyika, ambako hakuna kizuizi hicho cha matamshi, inasema stempu kwa p na kambi kwa b.

Wapo wanaokwepa Uingereza na kukimbilia Ureno, kwamba neno limetoka kwa campo. Hili lina uzito zaidi, kwa sababu Wareno walikaa pwani yetu miaka 200 na wametuachia meza, leso, bendera, karata na mvinyo. Hata hivyo, angalia orodha hiyo: ni vitu vya meli, vya meza na vya ngome. Wareno hawakuendesha misafara ya Unyamwezi, na neno lao lina maana ya uwanja au shamba, si ua wa miiba wenye vibanda. Burton, aliyekijua Kireno kiasi cha kuja kutafsiri utenzi mkubwa wa Camões miaka ya baadaye, hakuona Ureno ndani ya khambi. Pwani nako kulikuwa na neno jingine la makazi ya muda ya watu walio mbali na kwao, nalo ni dago, wanapolala wavuvi wakati wa msimu. Lau watu wa pwani wangekuwa wanatafuta tu jina la kibanda cha muda, dago lingewatosha. Walihitaji neno jingine kwa kuwa kitu kilikuwa kingine: dago halina boma, halina hongo, halina kiongozi wa msafara, na halikaliwi na watu wasiojuana. Miongoni mwa Wamijikenda, kambi ni baraza la wazee wa kaya, watu walioketi pamoja ndani ya ua wenye kanuni. Sitajenga nasaba ya neno juu ya hilo. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba sauti hii ilikuwa na maisha yake katika lugha za Kibantu za pwani, na anayesisitiza kwamba lazima ilishuka kutoka kwenye meli ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha.

Pingamizi linaloniuma zaidi si la wanaisimu. Ni la yule atakayesema: unaisifu kambi kama nyumba ya wageni, ilhali misafara hiyo ilipitisha watumwa. Ni kweli. Njia iliyoshusha pembe za Salim ilishusha pia watu waliofungwa, na kwa mateka aliyelala ndani ya boma lile, miiba haikuwa ya kumzuia simba asiingie bali ya kumzuia yeye asitoke. Sina haki ya kulifunika hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba kambi haikujengwa kwa ajili yake wala kwa mikono yake peke yake. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, ameonyesha kwa kirefu kwamba wengi wa waliobeba mizigo hiyo, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, waliogoma posho ilipopunguzwa, waliosafiri na wake zao, na waliojenga utamaduni wa njia wenye fahari yake. Taratibu za kambi, nani ajenge, nani akate miiba, nani apate kibanda kipi, zilikuwa zao. Utani kati ya Wanyamwezi na makabila yaliyo kwenye njia za pwani, kama Wazigua na Wazaramo, unakumbusha mpaka leo mahusiano yaliyoshonwa na misafara: watu waliokutana mara nyingi mno kuendelea kuwa maadui, na waliolazimika kuzikana. Lakini boma lilibaki na nyuso mbili tangu mwanzo, na uso wa pili ndio uliokuja kushinda.

Ushindi huo ulianza na reli. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Safari ya kilomita 200 iliyomlaza mtu kambini usiku baada ya usiku ikawa safari ya mchana mmoja. Hapo ndipo neno lilipoteza mwenyewe. Halikupotea peke yake. Ndugu zake wote wa njia walibaki bila kazi na wakapata waajiri wapya. Boma la miiba likawa Boma la serikali, mahali pa kulipia kodi na kuhukumiwa. Hongo, ushuru halali wa mwenye nchi, likawa jina la rushwa, kwa kuwa dola jipya halikukubali mtu mwingine atoze njiani. Posho, kibaba cha mpagazi, ikapanda ngazi taratibu hadi ikawa fedha ya vikao. Maneno haya manne yalihama kwa mwelekeo mmoja, kutoka kwa msafiri kwenda kwa dola na mwajiri, na hilo ndilo linalonishawishi kwamba mabadiliko ya kambi hayakuwa bahati mbaya ya lugha. Mtu mmoja akihama mtaa, ana sababu zake. Mtaa mzima ukihama, kuna aliyeuhamisha.

Mwajiri wa kwanza mkubwa wa neno kambi Morogoro alikuwa mkonge. Mmea huo uliingizwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893 kule Tanga, na mashamba yakaja kuenea kufuata reli, Ngerengere, Morogoro, Kimamba, Kilosa. Mashamba yalihitaji watu wasio wa hapo, kwa sababu Mluguru mwenye shamba la ukoo mlimani hakuona sababu ya kushuka kukata mkonge kwa kipande cha siku 30. Wakaletwa watu wa mbali, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwakusanya, SILABU. Walioletwa waliandikwa kwa namba, wakaitwa manamba, na walikolazwa pakaitwa kambi. Vitu vingi vilifanana na kambi ya zamani: watu wa makabila mbalimbali, mbali na kwao, safu za vyumba, posho ya unga. Tofauti ni moja, nayo inatosha. Kambi ya njia ilijengwa na anayelala humo, na aliondoka kukicha. Kambi ya mkonge ilijengwa na mwenye shamba, na aliyelala humo aliondoka kipande kikiisha, au mwenye shamba akimtaka aondoke. Jeshi halikuhitaji kubadilisha chochote katika maana hiyo. Lililikuta neno limeshaandaliwa. Kambi za wakimbizi zikafuata, Nyarugusu kule Kigoma tangu 1996, na Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ikaweka wazi kwamba mkimbizi hukaa alikopangiwa na haondoki bila kibali. Jina la mahali ambapo msafiri alipumzika ili kesho aendelee limekuwa jina la mahali ambapo safari yake imesimamishwa. Lakini hapo Mazimbu, pembeni mwa Morogoro, shamba la mkonge lililoachwa lilitolewa mwaka 1977 kwa ANC ya Afrika Kusini, na watu waliokimbia ubaguzi wakajenga shule, nyumba na hospitali kwa mikono yao na ya wenyeji, wakaikabidhi Tanzania mwaka 1992 waliporudi kwao. Wale walijijengea, wakaondoka, wakawaachia wengine, na Chuo Kikuu cha Sokoine kinatumia majengo yao hadi leo. Kwa kipimo cha wapagazi wa 1857, hiyo ndiyo ilikuwa kambi.

Msafiri mwenyewe, aliyenyang'anywa neno, ilibidi atafute jingine. Kwanza alipewa hoteli, lakini Kiswahili kiliigeuza hoteli kuwa mahali pa chai, chapati na wali, kwa sababu hicho ndicho msafiri wa treni na wa lori alichohitaji. Kisha ikaja gesti, pamoja na barabara za lami na mabasi ya usiku, na Msamvu, zinapogawana njia za Dodoma, Iringa na Dar es Salaam, gesti zimejipanga kama vibanda vilivyojipanga zamani kando ya njia hiyohiyo. Atakayesema kwamba gesti haina uhusiano wowote na kambi ya kale na afungue kile kitabu kikubwa kilichopo mapokezi. Amepangiwa safu: jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, saini. Maswali ambayo wapagazi waliulizana wenyewe Muhalleh sasa yanajazwa kwa kalamu, na anayekuja kuyasoma ni polisi. Taarifa ni ileile, anayeipokea amebadilika.

Mtu atauliza kama yote haya yana maana, kwa kuwa maneno hubadilika kila siku. Naam, hubadilika, na simtaki yeyote wa Mzinga aite gesti kambi. Wala maana ya zamani haijafa yote: magazeti ya michezo yanapoandika kwamba timu imeweka kambi Morogoro, yanataja watu walio mbali na kwao, wanaolala pamoja kwa muda, na watakaoondoka kwa hiari yao. Ninachokipinga ni kuamini kwamba neno hili, na kitu chenyewe, vilianza siku askari wa Kizungu alipopiga hema. Kuamini hivyo kunafuta kazi ya maelfu ya watu waliokata fito na miiba chini ya milima hii kwa zaidi ya nusu karne, wakatengeneza mtandao wa malazi kutoka Bagamoyo hadi Ujiji bila ramani wala bajeti ya serikali yoyote.

Simbamwene ilipata pigo mapema: Stanley alipopita tena mwaka 1872 alikuta mafuriko ya Ngerengere yameusomba ukuta na nyumba nyingi. Bagamoyo ina jengo la Karavanserai lililohifadhiwa, la enzi za Wajerumani, na watalii hulitembelea. Kati ya hapo na Mpwapwa, kambi za njia hazina hata kibao kimoja cha kumwonyesha mtoto wa shule zilipokuwa. Mikese ipo, bonde la Mgeta lipo, na mahali penye maji na miti ya kivuli ambapo msafara ungelala hapajifichi kwa anayezijua njia za miguu. Wenye kuandika historia ya mkoa, walimu wa Morogoro, na Halmashauri zinazopanga vivutio vya utalii, waanze na wazee wa vijiji hivyo kabla mashamba ya mahindi na viwanja vya nyumba havijamaliza kufuta alama, na wakiweka kibao, waandike juu yake neno lililokuwapo: kambi.